Mtoto Anayesomea Chakula

Mama yangu huwaambia watu kwamba mimi nasomea chakula. Hasemi lishe, hasemi afya ya jamii, wala hataji diploma. Anasema, "Huyu wangu anasomea chakula kule Kawangware," kisha anakaza midomo akingoja mtu athubutu kucheka. Watu wa ploti yetu mtaani Gatwekera hucheka kweli. Chakula nacho kinasomewa? Si unaweka sufuria motoni, maji yakichemka unatia unga? Mama huwajibu kwamba ndiyo maana watoto wao wana matumbo ya minyoo, na hapo mazungumzo huisha vibaya.

Naeleza haya mapema ili aibu yangu ieleweke ukubwa wake. Mtoto huyo anayesomea chakula alikuwa akichukua chakula cha mama yake na kumpa mtu mwingine, ili yeye mwenyewe akonde. Tena alikuwa akifanya hivyo huku amevaa tisheti ya klabu ya afya ya chuo, imeandikwa kifuani "Penda Mwili Wako". Haki ya Mungu, angekuwa mtu mwingine ningemcheka mpaka nilie.

Mambo yalianzia darasani, na yalianza kwa kitu kidogo hata naona haya kukisema. Mwaka wa kwanza tulifundishwa kupima uzito na urefu, kwa sababu ndiyo kazi tutakayoifanya kliniki tukimaliza. Hakukuwa na wagonjwa wa kujifunzia, kwa hiyo tulipimana sisi kwa sisi. Mmoja anapanda mizani, mmoja anasoma kwa sauti, mmoja anaandika ubaoni. Sauti lazima isikike, mwalimu alisema, ili anayeandika asikosee. Nilipopanda mimi, namba yangu ilisomwa kama zilivyosomwa za wengine. Mwalimu akapiga hesabu yake, akasema niko sawa kabisa, katikati ya watu wenye afya. Lakini kwenye mstari wetu wa wasichana yangu ndiyo ilikuwa kubwa, na jamaa mmoja wa nyuma akasema, "Huyo ni wa ugali, hajawahi kosa." Darasa likavunjika mbavu. Mimi nami nikacheka, tena nikawashinda wote kwa sauti.

Jioni hiyo nilijitazama kwenye kioo cha bedsita, kile chumba kimoja tulichokuwa tumepanga na mwenzangu mmoja wa darasani. Nikatazama mapaja. Ni mapaja ya kwetu, ya mama, na ya kukhu, yaani bibi yangu wa Western ambaye nimerithi jina lake. Ndiyo maana hata mama huniita kukhu. Kule kwao mwanamke mwenye mapaja hayo husifiwa kwamba ametunzwa vizuri, hata kama bwana ni mlevi wa kutupwa. Mimi niliyatazama nikaona ni makosa, na mtu anapaswa kuyasahihisha.

Sikuanza kwa fujo. Niliacha kitu hiki, baadaye nikaacha kile, baadaye nikajikuta najivunia njaa. Na mtu asinionee huruma hapa, kwa sababu nilijua kila kitu. Nilijua mwili hufanya nini ukinyimwa. Nilijua kwa nini nasikia baridi mchana wa jua, kwa nini nywele zinabaki kwenye kitana, kwa nini nakasirishwa na mtu anayetafuna tu karibu yangu. Swali hilohilo lilikuja kwenye mtihani na nikalijibu vizuri kuliko wote. Mwalimu alinisifu mbele ya darasa, nikashukuru, nikaenda kunywa maji.

Mwaka wa pili wakanichagua kuongoza klabu ya afya. Naijua sababu, kwa kuwa nina mdomo na sina woga wa watu. Wanafunzi wapya walipofika, mimi ndiye niliyesimama mbele yao ukumbini. Nikawaambia wasishindane na picha za simu, zile picha zinachongwa. Nikawaambia wale, walale, watembee kwa miguu, wacheze mpira hata kama hawaujui. Nikawaambia mwili wa kweli una tumbo ukikaa, na hakuna ubaya. Niliwachekesha mpaka wakapiga meza. Nilipokuwa nakunja waya wa spika, msichana mmoja wa mwaka wa kwanza alinifuata, mnene kidogo wa mashavu, mzuri, macho yanang'aa.

"Siste, umeongea poa sana," akasema. "Lakini niambie ukweli. Wewe unakula nini? Nataka kukaa kama wewe."

Hapo ndipo ningesema ukweli. Ukumbi ulikuwa umebaki mtupu, tuko wawili tu. Nikamwambia maji mengi na kulala mapema. Akatoa simu, akaandika, akanishukuru kwa heshima zote. Nilitembea mpaka nyumbani nikijitukana.

Sasa kuhusu chakula cha mama. Kila Jumapili, baada ya kanisa, nilikuwa naenda Gatwekera, na siku hizo mama hupika kama anayemngoja mkwe. Mrenda, ile mboga yetu ya kuteleza, anaununua kwa wanawake wanaolima kule Silanga, kwa sababu wa kwingine anasema hauvutiki. Omena, wale dagaa wa ziwani, anaikaanga mpaka ikauke na kulia menoni. Mimi nilikuwa nakula kidogo, nasema nimeshiba, nimekula mandazi kanisani. Basi kilichobaki kinaingia kwenye hotipoti, hotipoti inafungwa kwa leso, na leso inafungwa fundo ambalo mtu hulifungua kwa meno. "Ya wiki," anasema mama. "Isirudi kwangu na kitu."

Haikurudi na kitu. Mwenzangu wa chumba ni msichana mkweli na mwenye njaa ya kawaida, na kila Jumapili jioni alikuwa akiketi kitandani akinisubiri. "Mathe wako ananilea," alikuwa akisema, mashavu yamejaa. "Nikiolewa, sehemu ya mahari iende kwake." Mwanzoni aliniuliza kwa nini sili. Nikamdanganya kwamba tumbo langu halipatani na omena. Akauliza kuhusu mrenda. Nikasema hata mrenda. Akaacha kuuliza, na sikumlaumu, maana ni mimi niliyekuwa namwekea sahani. Nikishaiosha hotipoti na kuikausha vizuri, Jumapili ijayo nairudisha inanukia sabuni. Mama alikuwa akiifungua, akiona ni tupu, anatabasamu peke yake.

Lakini Gatwekera mtu hakondi hivihivi. Huko hakuna anayefikiria kwamba umekataa chakula. Ukikonda, watu wana majibu mawili tu, ama una njaa, ama una ule ugonjwa. Jirani yetu, mama wa Kijaluo anayekaanga samaki mlangoni mwake, ni mtu wa utani, na siku moja alinisindikiza kwa macho mpaka mlangoni kwetu, kisha akapaza sauti. "Jirani! Huyu wako anasomea chakula ama anasomea njaa?"

Nje mama alicheka. Ndani hakucheka. Alivuta pazia, akaniketisha kitandani, akanishika mkono hapa juu ya kiwiko, vidole vyake vikakutana.

"Kukhu, kuna kitu unanificha?"

"Hapana, mama. Ni masomo tu."

"Ukipimwa huko hospitali ukapatikana na kitu, usiogope kuniambia. Siku hizi watu wanameza dawa na wanaishi. Mimi siwezi kukufukuza."

"Mama, mimi si mgonjwa. Haki tena."

Aliuachia mkono wangu. "Basi ni njaa," akasema, na nikaona ameamua. Sikumbishia. Njaa ilikuwa jibu rahisi, na lilinipa nafasi ya kuondoka mapema.

Tangu siku hiyo hotipoti ikawa nzito. Mayai yakaanza kuonekana, na matumbo, na kipande cha kuku pale alipopata kuku. Na kuna firigisi. Kwetu firigisi ni ya mwanamume mwenye nyumba, mwanamke haigusi, anaipika tu na kuipakua. Tangu baba aende zake mama hakuwa na wa kumpakulia, lakini pia hakuwahi kuila yeye. Sasa akaanza kuikaanga kando, anaifunga kwa karatasi ya nailoni, anaiweka juu kabisa ya chakula ili niione kwanza. "Wewe ndiye mwenye nyumba yangu," alisema. Mwenzangu aliila akasema ina mchanga.

Nikifikiria mchanga ule mpaka leo naona aibu. Wakati ule nilisema tu pole.

Siku ya mambo kubadilika ilikuwa Jumatano. Maji yalikatika chuoni, vyoo vikafungwa, tukaambiwa twende nyumbani. Nikaamua kupitia kwa mama bila kupiga simu, maana hata mimi nina siku za kumtamani. Mama hufulia watu nguo kwenye magorofa ya upande wa pili, na nilikisia anakaribia kurudi. Nilipoingia kile kichochoro chetu nikamwona mbele yangu, anaenda, karai kichwani. Nilimjua kwa mwendo. Blauzi ilikuwa imechomekwa, sketi imekunjwa kiunoni mara kadhaa ikabanwa na pini, na kiuno, ambacho Jumapili hufichwa na gauni pana la kanisa, kilikuwa chembamba.

Kitu cha kwanza kilichonipitia kichwani ni hiki, amepungua vizuri. Cha pili, amefanyaje? Nilimwonea wivu. Nataka kukisema hivyohivyo bila kukizungusha, nilimwonea mama yangu wivu wa kiuno, katika kichochoro, yeye akiwa ametoka kufua nguo za watu tangu asubuhi. Ni baada ya hatua kadhaa ndipo akili yangu, ile iliyosomea chakula, iliamka ikauliza kwa nini mwanamke wa umri wake anayefanya kazi ile anapungua. Woi, mimi ni mtu wa aina gani?

Nilipoingia ndani nyuma yake, mama alishtuka kuniona. Alifurahi, lakini alishtuka kwanza, na macho yake yakaenda mezani. Palikuwa na sahani imefunikwa. Aliiondoa haraka akaisukuma chini ya meza kwa mguu, akaanza kuniuliza habari za maji ya chuo. Nikainama nikaivuta. Ugali wa jana, umekauka kingo, na chumvi pembeni. Kwenye birika kulikuwa na strungi, chai isiyo na maziwa wala sukari ya maana.

"Hiyo ni ya nini?" nikauliza.

"Ni yangu ya kudanganya tumbo tu. Mimi hula huko kwa kazi. Yule mama wa juu ananipenda, ananipakulia."

Mama yangu hajui kudanganya. Anasugua sikio. Nikafungua kabati kutafuta sukari, nikakuta mayai yamelazwa kwenye kitambaa, omena imefungwa kwenye mkebe, na maharagwe yamechaguliwa tayari.

"Wacha hiyo!" akasema. "Hiyo ni ya Jumapili. Ni yako."

"Mama, na wewe unakula nini katikati ya wiki?"

"Nakula."

"Nini?"

"Sasa wewe umekuwa daktari wangu? Wewe ndiye unakondea masomo. Mimi nishamaliza kukua."

Nilikaa chini, kwenye zulia la plastiki, nikalia kwa sauti, na mama akadhani ndiyo habari aliyokuwa akiingoja. Aliketi pembeni yangu akaanza kuomba polepole kwa Kiluhya. Nikamwambia aache kuomba. Nikamwambia hakuna ugonjwa wala njaa, ni mimi mwenyewe nakataa.

"Unakataa nini?"

"Chakula."

"Kwa hiari yako?"

"Eeh."

Nilimwona akirudi nyuma kichwani mwake, Jumapili moja moja. "Na chakula changu kilikuwa kinaliwa na nani?"

"Mwenzangu wa chumba."

"Hata yale mayai?"

"Hata mayai."

"Na firigisi?"

"Na firigisi, mama."

Nilingoja kofi. Nililitaka, kusema kweli, lingenisaidia. Badala yake aliinua mikono yote miwili akasema, "Asante Yesu! Kwa hivyo wewe si mgonjwa!" Akacheka, machozi yanamtoka, akanipigapiga mgongoni, akasema asante tena na tena, na mimi nikatamani zulia linifunike. Alikuwa amelala na hofu hiyo miezi mingapi? Hakuwahi kuniambia, kwa sababu sikuwa naketi kwake muda wa kutosha kuambiwa.

Furaha ilipompungua, hasira ikaja. Akaniuliza kisa ni nini hasa. Nikajaribu kumweleza kuhusu mizani, na kicheko cha darasani, na wasichana wa kwenye simu, na nilivyozidi kueleza ndivyo maneno yalivyozidi kuwa membamba. Mwisho nikasema ni mapaja. Mama akatazama mapaja yake mwenyewe, yaliyokuwa yamebaki, chini ya ile sketi ya pini.

"Haya?" akauliza. "Yamekukosea nini?"

Alikuwa hafanyi mzaha. Alitaka kujua.

Akainuka, akawasha jiko, akavunja mayai ya Jumapili siku ya Jumatano. Akasonga ugali. Aliweka sahani moja katikati yetu, tukanawa. Nilimega tonge dogo, kama nilivyozoea. Mama akamega dogo vilevile. Nikagusa yai kwa juujuu, naye akagusa kwa juujuu. Nikatafuna polepole, nikaacha. Akaacha.

"Mama, kula. Umefua siku nzima."

"Na wewe umesoma siku nzima."

"Si sawa na kufua."

"Sikiza, kukhu. Kuanzia leo, utakachokula wewe ndicho nitakachokula mimi. Ukila kidogo, nakula kidogo. Ukiacha, naacha. Tutaona nani ataanguka kwanza."

"Hiyo ni kunitishia."

"Eeh," akasema, mkono wake juu ya sahani, haushuki. "Ni kukutishia."

Nilikasirika sana. Nilimwambia haielewi hali yangu, kwamba mambo haya hayaendi kwa amri, kwamba kuna watu wamesomea kusaidia watu kama mimi. Akasema vizuri, niende kwao kesho asubuhi, lakini sasa hivi ugali unapoa. Nilimega tonge la ukubwa wa kweli. Naye akamega, na nikaona jinsi alivyolila, kwa haraka, bila kuinua macho. Mama alikuwa na njaa. Alikuwa na njaa ya siku nyingi, na angeiacha sahani ile ipoe mbele yake kama mimi ningeacha.

Kesho yake nilikwenda kwa mshauri wa chuo, na ninaendelea kwenda. Sitadanganya kwamba nimepona. Klabuni niliomba mwingine azungumze, mimi napanga viti. Yule msichana wa mwaka wa kwanza nilimtafuta mpaka nikampata kwenye ngazi, mashavu yameanza kuingia ndani, nikamwambia nilimdanganya, na nikamwambia ukweli wangu wote. Alinisikiliza, lakini alinitazama kama mtu anayenyimwa siri. Namwalika chakula cha mchana mara kwa mara. Siku nyingine anakuja.

Na mama hupiga simu kila jioni. Hanisalimii siku hizi. Anauliza tu, "Umekula nini?" Nikimtajia, anasema haya, na najua huko Gatwekera anatafuta hichohicho. Siku niliyosema githeri, yale mahindi na maharagwe, alikula githeri, na yeye haipendi kabisa. Siku niliyosema ukweli kwamba nimekunywa chai tu, akasema haya, akakata simu. Sikulala vizuri.

Jana aliuliza tena. Sikuwa nimekula kitu tangu uji wa asubuhi. Siku ilikuwa mbaya, kuna watu walikuwa wakipimana darasani, nilisikia namba zikisomwa. Lakini nilikumbuka ile jioni ya chai, nikajikuta nasema, "Chapati mbili na ndengu."

"Ndengu!" akasema, na sauti ikachangamka. "Ngoja, usikate."

Nilimsikia akivaa ndala, akitoka, akimsalimu mtu, akiomba chapati mbili, akiomba ndengu. Nilisikia karatasi. Kisha nikamsikia anakula, simu iko begani, anatafuna huku akinipa habari za mvua na za jirani.

"Yako ilikuwa na majani ya dhania?" akauliza.

"Ilikuwa nayo."

Akamwambia yule muuzaji amwongezee dhania. Alikula zote mbili. Akasema ameshiba, akasema nilale salama, akakata. Nilibaki nimeishika simu. Jua lilikuwa halijazama bado. Mama yangu ameniamini tena, na ameshiba kwa uongo wangu, na nilijua kabisa kwamba kesho nitauona ni rahisi zaidi kuusema.

Nikavaa viatu, nikashuka mpaka kwa mama wa chapati hapo chini. Nikamwomba mbili na ndengu, na dhania juu. Nililia pale nimesimama, wateja wakijifanya hawanioni. Ya kwanza ilipita. Ya pili ilinishinda katikati, nikataka kuifunga kwenye karatasi nimpelekee mwenzangu. Lakini mama alikuwa ameshaimaliza yake. Nikaendelea kutafuna.